Yaya Mwenye Ufunguo

10 Novemba

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Mama, na wewe unayesoma nakuomba ulifiche: neno "yayatawala", ambalo tangu Ijumaa linatamkwa bombani, sokoni na mbele ya kanisa letu hapa Panda, nimelitunga mimi.

Sikukusudia. Tangu nipate diploma ya taifa ninakaa nyumbani nikingoja mwaka wa chuo ambao labda utakuja, na mchana ninakwenda kumsaidia Baba Mahamudu kwenye redio ndogo iliyo juu ya duka la mikate, huko mjini Likasi. Yeye anasoma habari kwa Kiswahili, mimi ninazigeuza kutoka Kifaransa. Kazi hiyo inanifaa kwa sababu ni ya mkono, si ya mdomo. Mbele ya watu sauti yangu inakwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ijumaa ilikuja habari ya matajiri wa ng'ambo, wale wenye mitandao na satelaiti na mashine zinazofikiri, ambao siku hizi wanakaa na marais kama watu wa nyumba moja. Kwa Kifaransa waliitwa kwa neno jipya: broligarques. Baba Mahamudu alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Mwanangu Stéphanie, hii ni ugonjwa ama ni brouette ya kubebea mchanga?"

Nilimweleza kwa sauti ndogo. "Bro" ni namna vijana wa huko wanavyoitana, kama sisi tunavyosema "yaya" kwa kaka au dada mkubwa. Kipande kinachobaki kinatoka kwenye jina la watu wachache walioshika utawala.

"Basi niandikie kitu ambacho mama wa sokoni atakielewa bila kumwita padri."

Nikaandika: yayatawala. Chini yake nikaongeza: "Yayatawala ni tajiri wa mitandao anayekuambia 'mimi ni ndugu yako'. Ukishamfungulia mlango, ufunguo unabaki kwake."

Baba Mahamudu alicheka mpaka akakohoa. Alisema kwamba kule Tanzania yaya ni mtu anayelea watoto wa wengine, na hata huko neno lingefaa: mlezi aliyegeuka mwenye nyumba. Kisha akaingia hewani na kusema, "Wataalamu wa lugha wanamwita yayatawala."

Wataalamu! Mtaalamu alikuwa nyuma ya kioo, anakunja karatasi ya mkate. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

12 Novemba

Mvua kubwa ya kwanza. Umeme wa bwawa la Koni ulikatika kabla hatujamaliza kuosha sahani.

15 Novemba

Kuna mtu niliyemsahau nilipokuwa naandika, na ni mtu ninayekula naye kila siku.

Parfait ni yaya wangu, wa tumbo moja. Juu ya bati la nyumba tuliyoachiwa na Baba ameweka sahani nyeupe inayopokea intaneti kutoka mbinguni, kama anavyosema yeye. Kutoka hapo amesimamisha miti ya mikaratusi yenye visanduku vidogo, mpaka mtaa wa nyuma, ili majirani wapate mtandao kwa bei ya kitafunio. Ana betri, kwa hiyo hata mnara wa simu ukizima yeye hazimi. Wakati wa mtihani wa taifa aliwafungulia wanafunzi wote bure. Ndiyo maana watu wote, hata waliomzidi umri, wanamwita Yaya. Na maneno ya siri ya kuingilia mtandao wake, hapa Panda, tunayaita ufunguo. Kila asubuhi mimi ndiye ninayekata vikaratasi vya ufunguo, na watoto wanapiga kelele getini: "Yaya, ufunguo!"

Yaya. Ufunguo.

Nilipoandika sentensi ile nilikuwa nafikiria mlango. Naapa, nilikuwa nafikiria mlango tu.

Lakini leo Mama Zuhura, mwenye duka la chumvi na sabuni mtaa wa nyuma, alimwona Parfait akipita na waya begani, akamwita mbele ya watu wote waliokuwa wanapima mafuta.

"Parfait! Redio inakutaja, na minye nilikuwa najua uko muntu mudogo!"

"Inanitaja namna gani, Mama Zuhura?"

"Yaya mwenye kubakia na ufunguo. Shi ni weye? Yayatawala!"

Watu walicheka. Parfait naye alicheka. "Minye yayatawala? Minye sina hata viatu ya mvua!" Akawaonyesha kandambili zake, wakacheka zaidi.

Nilikuwa nyuma yake na kopo la mafuta.

20 Novemba

Wasikilizaji wanapiga simu redioni kuomba habari za yayatawala. Baba Mahamudu anasema hajapata siku nzuri kama hizi tangu kombe la mpira.

2 Desemba

Watoto wametunga mchezo. Mmoja anasimama katikati na ufito, wengine wanamzunguka: "Yaya, yaya, ufunguo iko wapi? Nimemeza! Tapika!" Wanaucheza mbele ya geti letu kwa sababu hapo ndipo mchezo una maana.

Parfait hacheki tena. Mtu mmoja amekataa kulipa akisema hawezi kumlisha yayatawala, na kisanduku cha karibu na bomba kimekutwa chini, kimepasuka. Wakati wa chakula aliuliza, bila kumtazama mtu, "Nani alitunga hiyo neno?"

Nilifungua mdomo. Nikaomba chumvi.

9 Desemba

Nilimwomba Baba Mahamudu aache kulitumia neno. Sikumwambia sababu yote, nilisema tu kwamba linaumiza mtu.

"Neno likishatoka redioni, mwanangu, ni kuku aliyeuzwa. Unaweza kumtambua barabarani, lakini ukimwita haji."

Alinikubalia jambo moja: kusoma masahihisho. Niliandika kwa uangalifu kwamba yayatawala ni matajiri wa mbali, wala si fundi yeyote wa mtaani. Alisoma vizuri sana. Jioni Mama Zuhura alikuwa mlangoni mwa duka lake:

"Mumesikia? Redio inamutetea! Yaya alisha kununua hata redio!"

25 Desemba

Noeli. Mama alipika kuku na uyoga mkubwa wa porini, ule wanaouza kando ya barabara ya Kambove. Parfait hakuja kanisani. Alisema anatengeneza waya.

29 Desemba

Sahani imezimika tangu juzi. Kampuni ya huko mbali imebadilisha masharti, na mpaka Parfait ayakubali hakuna kitu. Alinionyesha ujumbe. Ulianza: "Ndugu mpendwa." Mwisho ulisema wanatujali kama familia. Hakuna namba ya kupiga, hakuna mtu wa kumwendea. Parfait alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akibonyeza "ninakubali" na simu ikimjibu asubiri.

Nilimtazama nikafikiri: kumbe na yeye ana yaya wake. Udongo wa migodi ya Kambove unapita hapa kwenye malori usiku na mchana, unakwenda kuwa betri za mashine zao. Kisha sisi tunakaa juu ya ndoo tunaomba ufunguo wa kuingia. Hapo nilihisi neno langu lilikuwa la kweli na lilikuwa limempata mtu asiyestahili, yote mawili kwa pamoja.

6 Januari

Sahani imerudi. Parfait hakurudi kama alivyokuwa.

Amezima kisanduku cha mtaa wa nyuma wote, mtaa wa Mama Zuhura. "Banataka yayatawala? Nitabaonyesha yayatawala." Anayesikika akilitamka neno hapati ufunguo, na watoto wanamletea habari ya nani amesema nini, wanapewa dakika chache za mtandao. Mama alimwambia, "Parfait, baba yako alifanya kazi kiwandani miaka yote, hakuweka muntu kwa mulango." Alijibu, "Njo maana alikufa maskini, Mama." Mama aliingia ndani.

Mimi, niseme ukweli, mwanzoni nilikuwa upande wake. Walimtukana yaya wangu. Waonje.

10 Januari

Vikaratasi vya ufunguo anakata mwenyewe siku hizi.

14 Januari

Mvua. Watu walisimama getini wamejifunika mifuko ya saruji. Parfait aliwaona kwenye dirisha. Alimaliza chai yake kwanza. Chai ilikuwa imekwisha, nilikuwa nimekiona kikombe, lakini aliendelea kukiinua. Kisha akatoka na kusema, kwa ile sauti yake nzuri ya zamani, "Musikasirike, minye ni yaya yenu."

Sikuweza kula mchana.

17 Januari

Mama alinituma chumvi kwa Mama Zuhura. Niliogopa atanifukuza. Alinipimia, akaongeza kidogo, kama zamani.

"Mwambie yaya yako nilikuwa nacheka. Kucheka tu. Minye nilimubeba huyu mutoto kwa mugongo, sasa sitamucheka?"

Mwanawe, Abedi, ni dereva wa lori. Anapita Kambove kwenda mbele zaidi, na kila jioni alikuwa akimtumia mama yake sauti yake kwenye simu, maneno mawili matatu, kwamba amefika. Tangu mtaa uzimwe, Mama Zuhura anafunga duka mapema na kutembea mpaka mjini kutafuta mtandao, kusudi amsikie.

Nilitaka kusema pole. Aliniwahi. "Weye hausemagi, Stéphanie, lakini unasikiaga. Iko muzuri. Lakini siku moja itabidi useme."

22 Januari

Ninaandika na nguo za mvua bado zikidondoka kwenye kamba ndani ya chumba. Nataka kuandika yote leo.

Dhoruba ilianza alfajiri. Umeme ulikatika, na baada ya muda mnara wa simu nao ukalala, simu zote zikabaki saa tu na tochi. Karibu na adhuhuri mtu wa pikipiki alitoka upande wa Kambove, amejaa matope mpaka nyusi. Alisema kilima kimeshuka juu ya barabara na kimefunika lori. Watu wakamuuliza lori gani. Alisema hakuona namba, aliona turubai ya buluu tu.

Lori la Abedi lina turubai ya buluu.

Nilipofika mtaa wa nyuma nilikuta wanawake wamejaa dukani na nje chini ya bati. Mama Zuhura alikuwa amekaa sakafuni kati ya magunia, hajalia bado, anaifungua simu yake na kuifunga, anaifungua na kuifunga. Mtu alikuwa ameshaleta viti vya matanga. Viti vya plastiki vimepangwa kwenye mvua, vinajaa maji. Sijui kwa nini ni hivyo viti vilivyonifanya nikimbie.

Parfait alikuwa chumbani mbele ya betri zake. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Panda yote ilikuwa gizani na ile taa ilikuwa inawaka.

"Yaya, fungua mtaa wa nyuma."

"Nimesikia habari. Alinitukana mbele ya bantu. Akuye aombe musamaha, nitafungua."

"Atakuja namna gani? Wanamwekea viti vya matanga."

"Stéphanie, usiingie mu hii maneno. Weye haujui neno moja inaweza kufanya muntu nini."

Hapo mwiba uliokuwa kooni ulitoka. Sikuutoa mimi, ulitoka wenyewe.

"Ninajua. Neno ni langu. Nililitunga mimi kwenye redio, hakuna wataalamu. Nilifikiria wale wa mbali. Siku niliyoliandika halikuwa lako, Yaya, naapa kwa kaburi la Baba."

Mvua ilikuwa inapiga bati, na nilifikiri labda hakusikia.

"Na leo?" aliuliza.

Nilitaka kusema hapana. Ni yaya wangu. Alinifundisha kusoma kwa makopo ya maziwa kabla sijaanza shule.

"Leo limekutosha," nilisema.

Hakunipiga, hakupiga kelele. Aligeuka, akabonyeza mahali, taa ya pili ikawaka. Kisha akasema akiangalia ukuta, "Ufunguo ya ule mutaa niliibadilisha. Niliweka kwa hasira." Na aliponiambia ufunguo wenyewe, nilidhani ananitukana. Hakuwa ananitukana.

Nilikimbia. Wanawake walinitazama, dada wa yule aliyewafungia, nimelowa, ninahema. Hakuna karatasi ambayo ingefika kavu. Ilibidi niseme, tena kwa nguvu, kwa sababu ya bati.

"Ufunguo ni yayatawala!"

Mwanamke mmoja akasema, "Huyu mutoto iko anatucheka ku matanga?"

"Ni ufunguo! Andikeni! Herufi ndogo, neno moja, bila nafasi katikati! Yayatawala!"

Sijawahi kupiga kelele namna ile maishani. Nililisema tena na tena huku mmoja mmoja akitoa simu, na vidole vyenye unga na mafuta vikiandika neno langu. Simu ya Mama Zuhura niliiandika mwenyewe, kwa sababu mikono yake ilikataa. Ilikaa kidogo. Kisha ikalia, ikalia tena, sauti za siku mbili zikaanguka kwa pamoja.

Ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ile ile. Niliifungua, sauti ya Abedi ikatoka.

"Mama, niko Kambove tangu jana, barabara iko mubaya, sitatoka leo. Usifunge duka juu yangu. Halafu wanatupa kula bukari ya baridi, usiseme sikukuambia."

Mama Zuhura alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Anajua kulalamika, basi iko muzima." Ndipo akalia.

Baadaye tulisikia lori lililofunikwa lilikuwa la watu wengine, na dereva wake alikuwa ameshuka kabla ya kilima kuanguka. Viti vya matanga vilirudishwa. Hakuna aliyekubali kwamba ni yeye aliyevileta.

24 Januari

Parfait haongei nami.

1 Februari

Bado.

5 Februari

Mvua ya mawe. Alipanda batini kuifunika sahani kwa godoro lake. Nilimshikia ngazi. Alisema, "Shika vizuri." Nimeandika kwa sababu ni maneno.

11 Februari

Mama Zuhura alikuja nyumbani, amevaa mtandio wa sikukuu. Mama alimpa kiti. Parfait alibaki amesimama.

"Minye nilicheka, weye ukafunga. Tuko sawasawa?"

"Hatuko sawasawa, Mama Zuhura. Uliniharibia jina."

"Na weye uliniharibia mutoto, saa nzima nilimuzika. Jina inarudi, Parfait."

Alikaa chini. Ni mara ya kwanza tangu Desemba kumwona anakaa chini mbele ya mtu aliyekuja getini. Alisema atampa mtaa wa nyuma ufunguo bure mwezi mzima. Mama Zuhura alikataa.

"Sitaki ya bure. Ya bure njo inafungwa vilevile. Nataka kujua pahali kwenye inafungukia. Siku uko na hasira, ama uko mugonjwa, ama umekufa, nani atafungua?"

Parfait alisema mashine si chumvi. Mama Zuhura alisema hata chumvi yake ina mtu mwingine mwenye ufunguo wa ghala. Waliachana hivyo.

20 Februari

Nimemwona Parfait akivuta waya kuelekea dukani kwa Mama Zuhura. Usoni ana kisirani. Watoto walimfuata na ule mchezo wao. Aligeuka, akachukua ufito, akasimama katikati. "Nimemeza!" alisema. "Tapika!" Alitapika vibaya sana, hawezi kuigiza.

27 Februari

Sasa kuna kiwashio cha pili ukutani dukani, nyuma ya katoni za sabuni. Anayekizima au kukiwasha ni Mama Zuhura. Sahani bado ni ya Parfait, na kampuni ya mbali bado inamwita ndugu mpendwa, na nina hakika siku moja wawili hawa watagombana tena. Lakini hakuna mmoja anayeweza kutufungia wote peke yake. Jioni Parfait aliniambia, akitengeneza plagi, "Neno yako iko muzuri. Ilinikamata mupaka ndani." Halafu: "Mbona wanasema wataalamu?"

14 Machi

Mvua zinaondoka. Majani bado marefu, lakini asubuhi kuna baridi kidogo.

Leo ilikuja tena habari ya wale matajiri wa mbali. Baba Mahamudu alinisukumia kipaza sauti. "Yaya wako alipita hapa jana. Aliniuliza jina la mtaalamu. Nimeona haya, mwanangu."

Nilisoma mwenyewe. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikapata njia. Niliposema "yayatawala" nilisema pia kwamba neno limetungwa na Stéphanie wa Panda, na nikaongeza sentensi ambayo mwezi wa kumi na moja sikuwa nayo: "Anaweza kuwa tajiri wa mbali, anaweza kuwa mtu unayempenda. Kabla hujamwita ndugu, muulize ufunguo wa pili uko kwa nani."

Nilipofika nyumbani, Mama Zuhura alikuwa ameongeza sauti ya redio mpaka barabarani, na Parfait alikuwa amekaa mlangoni mwa duka juu ya katoni, anakula karanga zake bila kulipa.

Nilikuomba ulifiche. Sikuombi tena. Mwambie unayetaka. Akitaka kuliandika, mwambie ni herufi ndogo, neno moja, bila nafasi katikati.